Kiyoyozi kinapokata na kurudi: habari ya chumba kimoja cha Chaani

Kaskazi ikishatuama na Februari ikaingia, mtu wa Chaani hana haja ya kuambiwa kwamba kuna joto. Upepo wa bahari unaowaburudisha watu wa Nyali na wa Likoni humfikia yeye ukiwa umekwisha nguvu. Umepita kisiwani, umepita bandari ya Kilindini, umepita Kipevu penye mitambo ya stima, umepita matangi ya kile kiwanda cha kusafishia mafuta kilichoacha kusafisha mwaka 2013, na unapowasili Chaani umebeba vumbi la malori ya makontena na harufu ya dizeli. Kipimajoto kikiwekwa kivulini huonyesha digrii 32 au 33. Hizo si nyingi kwa mtu aliyeishi Ghuba, lakini hewa yetu imelowa, na jasho la mwili halina pa kwenda. Hilo ndilo fukuto. Na miaka hii mwezi wa Ramadhani umekuwa ukituangukia katika msimu huo huo. Wa mwaka 2024 ulianza Machi, na wa 2025 ukaanza Machi mapema zaidi. Aliyefunga katika nyumba ya mabati isiyokuwa na dari ajua nisemalo.

Ndiyo sababu kiyoyozi, ambacho zamani kilikuwa kitu cha benki, cha hoteli na cha afisi za mawakala wa meli, siku hizi chaonekana kimetundikwa katika kuta za nyumba za kawaida, juu ya dirisha ambalo jana lilikuwa na pazia tu. Jina lake la kamusi ni hilo, kiyoyozi, lakini ukimwita fundi wa Chaani kwa jina hilo atakutazama kidogo kabla ya kukujibu, kwani yeye ajua "esi". Sina ugomvi na esi. Nimependezwa zaidi na neno jingine walilo nalo mafundi hawa, ambalo hawakuazima kwa mtu: husema mashine "yakata". Kukata ni kuacha kazi kwa muda kisha kurudi. Ni ndugu wa lile neno tulitumialo kwa mvua na kwa stima, vikatikapo, na ladai heshima kuliko maneno mengi yaliyobuniwa mezani.

Basi swali linalozuka katika baraza za baada ya isha, hata kwa watu ambao hawakuzoea kuzungumza habari za mitambo, ni hili: kiyoyozi cha nyumbani chapaswa kukata mara ngapi kwa saa? Mmoja husema kikikata ni uzima, kwa kuwa chapumzika kama punda aliyetuliwa mzigo. Mwingine husema kikikata ni maradhi. Kila mmoja ameshika nusu ya kweli, na hiyo nusu ndiyo iwagharimuyo watu fedha.

CHUMBA CHA MAALIM

Maalim mmoja wa Chaani, mtu wa miaka sabini na ushei, ambaye amewasomesha Kurani watoto na kisha watoto wa watoto hao, alitundikiwa kiyoyozi chumbani mwake mwaka jana. Mwanawe afanyaye kazi Doha ndiye aliyetuma fedha, na akasisitiza kwa simu kwamba baba asinunuliwe kitu kidogo. Kikachukuliwa cha BTU 24,000, kikubwa kuliko vyote vilivyokuwapo dukani siku ile. Chumba chenyewe ni futi 10 kwa 12. Mna kitanda, kabati la nguo, na kabati la vitabu lililofika karibu na dari.

Baridi ilipatikana. Mtu akiingia kutoka uani aliisikia usoni kama aliyemwagiwa maji ya mtungi. Lakini haukupita muda, maalim akaona mambo yasiyompendeza. Mashuka yalikuwa kama yaliyoanuliwa kabla ya kukauka. Magoti yakawa yauma alfajiri. Kisha likaja lile lililomtoa usingizini: majalada ya vitabu vyake yakaota ukungu wa kijani, na kurasa zikavimba na kushikana. Miongoni mwa vitabu hivyo mna juzuu alizoziandika babake kwa mkono wake, kwa kalamu ya mwanzi, na hizo hazina nakala nyingine duniani.

"Chawaka, chazima, chawaka, chazima," aliniambia, "kama mtu mwenye kwikwi. Na tokeni nazo zenda. Mwanangu akinipigia huniuliza, je, baba, wapata raha? Nami humwambia alhamdulillahi."

Hakutaka mwanawe ajue. Fedha zile ni jasho la mtu afanyaye kazi juani, naye mzee aliona haya kumwambia kwamba zimemletea ukungu. Akaita fundi. Fundi wa kwanza alisikiliza mlangoni tu, akasema gesi imepungua, akaongeza, akalipwa, akenda zake. Hali haikubadilika. Wa pili akasema kompresa inakufa na akataja bei ambayo maalim hakuweza kuirudia mbele yangu bila ya kutikisa kichwa.

Wa tatu alikuwa kijana mzaliwa wa hapo hapo Chaani, aliyesomea kazi hiyo katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. (Wazee wetu wakikijua chuo hicho kwa jina la MIOME, chuo cha Waislamu, kabla hakijaitwa Polytechnic mwaka 1972, na mimi huona ni vyema vijana wakikumbushwa kwamba kilianza kwa haja hii hii, ya kuwapatia watoto wa pwani ufundi mkononi.) Kijana alitoa shikamoo, akaketi, akaomba karatasi. Hakufungua mfuko wa vyombo. Ilikuwa saa nane za mchana, jua likiwa kali. Alitazama saa ya simu yake akawa aandika: kimewaka, kimekata, kimewaka, kimekata. Kwa saa nzima hakufanya jingine ila kunywa chai.

Karatasi ile nimeiona. Kompresa ilifanya kazi dakika nne, ikanyamaza dakika sita, ikafanya nne, ikanyamaza sita. Ni mara sita kwa saa.

HESABU YA DAKIKA

Ajizoeze hivyo kila mwenye kiyoyozi, kwani kazi hii haihitaji ufundi. Lakini ahesabu kile chombo cha nje, si cha ndani. Feni ya ndani huweza kuendelea kuvuma ilhali kompresa, ambayo ndiyo roho ya mtambo na iko nje ya nyumba, imekata. Asikilize ule mngurumo wa nje.

Kiyoyozi cha kawaida, kile ambacho kompresa yake haina ila mwendo mmoja, kikiwa kimepimwa sawa na chumba, hukata mara mbili au tatu kwa saa wakati joto ni la wastani, na kila kiwakapo hufanya kazi dakika kumi na tano au ishirini hivi. Usiku wa kusi, hewa ikiwa tulivu, hukata zaidi. Na mchana wa kaskazi, saa nane au saa tisa, kiyoyozi kilichopimwa vizuri huweza kufanya kazi mfululizo bila ya kukata kabisa, na hilo si ugonjwa. Watu wengi humwita fundi kwa sababu hiyo wakidhani mashine imeshindwa. Ukweli ni kwamba ndiyo iliyo sawa na mzigo wake. Cha kutiliwa shaka ni kile kifanyacho kazi dakika tano au chini yake, kisha kikakata, kisha kikarudi, mchana kutwa.

Hapo sasa ndipo penye njia panda, na mafundi wetu wengi hupapita mbio bila ya kupaona. Kiyoyozi kina sababu mbili za kukata. Ya kwanza, kimetimiza amri: umekiambia digrii 24, nacho kimeona 24, kikanyamaza. Ya pili, kimejiokoa: kompresa imepata moto kupita kiasi, au stima imekuwa dhaifu, na kinga yake ikaizima isiungue. Kwa sikio mambo hayo mawili hufanana. Huyatenga kwa kipimajoto cha shilingi chache. Kitundike karibu na kiyoyozi, pale hewa ya chumba inapoingilia. Ikiwa mashine yakata na kipimajoto chaonyesha ile digrii uliyoiomba, basi haina maradhi, ila yamaliza kazi upesi mno. Ikiwa yakata na chumba kingali na joto, hapo ndipo useme yaugua.

Mashine ya maalim ilikuwa yakata digrii 24 barabara.

"Maalim," kijana alimwambia, "mashine hii ni nzima. Ila ni kubwa."

"Ukubwa ni aibu, mwanangu?"

"Si aibu, maalim. Lakini ni kama kupika kikombe kimoja cha chai kwa moto wa biriani ya arusi. Maji yachemka kabla majani hayajatoa rangi."

Nami sijapata kusikia mtu akiieleza vizuri zaidi. Chumba cha futi 10 kwa 12 chatosheka na BTU 9,000. BTU 12,000 ni ile iitwayo tani moja ya baridi, na asili ya jina hilo ni barafu: ndiyo baridi ipatikanayo kwa kila saa iwapo tani moja ya Kimarekani ya barafu itayeyuka kwa muda wa saa 24. Maana yake ni kwamba mwana alimtilia babake tani mbili za barafu katika chumba cha kitanda kimoja. Kijana wa Doha ameipima Chaani kwa fimbo ya Doha, ambako mchana wa Julai joto la nje huvuka digrii 40 na chombo hupigana nalo kutwa. Dhamiri yake ilikuwa njema.

MAJI YALIYOMO HEWANI

Sasa yabaki fumbo la vitabu. Ikiwa chumba ni baridi, ukungu watoka wapi?

Mimina sharubati yenye barafu katika gilasi, uiweke mezani. Baada ya kitambo gilasi hutoka jasho kwa nje. Jasho hilo halikuvuja kutoka ndani. Ni maji yaliyokuwa hewani, yakagusa kitu baridi yakageuka matone. Ndani ya kiyoyozi mna koili ya mabomba yenye baridi, na hewa ya chumba ikipita hapo hutoa jasho lake kama ilivyo kwa gilasi. Matone hukusanyika, hutiririka katika sinia, hutoka kwa bomba dogo mpaka uani. Kazi ya kiyoyozi ni mbili, kupoza na kukausha, na kwa watu wa pwani hii ya pili ni nusu ya raha yote.

Lakini kukausha kwataka muda. Kompresa ikiwaka, dakika za kwanza koili ndiyo kwanza yapoa, kisha yalowa, kisha matone yaanza kukua. Hayajaanza kudondoka ila baada ya dakika kadhaa. Mashine ikikata dakika ya nne, maji yangali juu ya koili. Feni ya ndani ikiendelea kuvuma huyapeperusha yakarudi chumbani. Mashine inayokata kila mara hupoza bila ya kukausha, na hewa baridi iliyolowa ndiyo ipendwayo na ukungu. Kijana aliweka kopo chini ya lile bomba la uani tangu saa nane hadi saa kumi. Halikujaa hata moja.

Watu hustaajabu wakiambiwa kwamba karatasi ndiyo iliyokileta kiyoyozi duniani. Mwaka 1902, Brooklyn katika mji wa New York, palikuwa na wachapaji waliosumbuliwa na unyevu wa kiangazi. Karatasi ilivimba na kunywea kati ya rangi moja na nyingine, picha zikatoka zimekosana. Mhandisi kijana, Willis Carrier, akatakiwa atafute dawa, naye akapitisha hewa juu ya mabomba ya baridi ili itoe maji yake. Hakukusudia kumburudisha mtu. Alikuwa akiziponya kurasa. Nilipomsimulia maalim habari hii alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba basi chombo chake kimesahau kazi iliyokizaa.

Wazee wetu waliojenga Mji wa Kale hawakuwa na koili, lakini waliijua hewa. Kuta za mawe ya bahari zenye unene wa kupindukia mkono hukawia kupata moto, dari ni za juu, njia ni nyembamba zenye kivuli, na madirisha yaelekeana ili upepo ukiingia huku utoke kule. Kitabu katika shubaka la ukuta ule kiliweza kukaa miaka. Nyumba za Chaani za matofali ya saruji na mabati, zilizobanana tangu ule mpango wa Benki ya Dunia wa kuutengeneza mtaa huu, hazikupata bahati hiyo, wala sioni haki ya kumlaumu maskini aliyejenga kwa alichokuwa nacho.

WENYE KUUGUA KWELI

Si kila chumba ni cha maalim. Wengine mashine zao zakata kwa kujiokoa, na Chaani sababu ya kwanza ni vumbi. Chujio la ndani, lile la wavu utokao kwa mkono mara ufunguapo kifuniko, katika mtaa wa malori hujaa upesi mno. Lioshwe kwa maji kila wiki mbili wakati wa kaskazi, likauke kivulini, lirudishwe. Chujio likiziba, hewa haipiti, koili hupata baridi kupita kiasi mpaka hufanya barafu, na mtu huona ajabu ya theluji ndani ya Changamwe. Akiona barafu azime, aache iyeyuke. Asiikwangue kwa kisu, kwani bomba likitoboka hasara ni kubwa.

Chombo cha nje nacho chapumua. Hutupa nje joto lililotolewa chumbani, na kikiwekwa katika kichochoro cha futi mbili, kimeelekea ukuta wa jirani, hujipumulia joto lake mwenyewe mpaka kompresa ikasalimu amri. Mapezi yake membamba ya bati huliwa na chumvi na kuzibwa na masizi. Yaoshwe kwa maji mapole, stima ikiwa imezimwa kwenye swichi kubwa.

Juu ya gesi nitasema neno kali kidogo. Gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha kama ya jiko. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, ile ile, mwaka baada ya mwaka. Ikiwa imepungua, pana mahali pavujapo, na fundi aongezaye bila ya kutafuta tundu atia maji katika mtungi uliopasuka; atarudi, nawe utamlipa tena. Na asiifungulie hewani ile ya zamani. Gesi ya R22 iliyomo katika mashine nyingi kuukuu ni katika zile zilizodhibitiwa chini ya mapatano ya Montreal ya mwaka 1987, kwa ajili ya kudhuru tabaka la ozoni. Ile mpya ya R32 haina dhara hilo lakini huweza kushika moto, basi sigara iwekwe mbali.

Kisha kuna stima yenyewe. Yapasa iwe volti 240, lakini nyumba nyingi zikivuta kutoka transfoma moja, saa za magharibi hushuka. Taa huwa nyekundu, feni huzunguka kwa unyonge, na kompresa hujaribu kuondoka ikashindwa. Huguguma sekunde chache, ikakata, ikajaribu tena. Kila jaribio huvuta mkondo mara tano au zaidi ya ule wa kawaida, na huko ndiko kompresa zifiako. Kile kisanduku cha kulinda, kama kile cha friji lakini cha nguvu zaidi, si anasa. Hukata stima ikiwa dhaifu na husubiri kabla ya kuirudisha. Mashine yoyote ikishakata yataka dakika tatu hivi ili misukumo ndani ya mabomba isawazike, na mtu azimaye na kuwasha kwa remoti papo kwa papo kwa kukosa subira aitesa. Mara nyingine kisababishi ni kapasita, kijikopo cha bati kinachoisukuma kompresa iondoke. Ni cha bei nafuu, lakini asikiguse asiyekuwa fundi, kwani huhifadhi stima hata baada ya swichi kuzimwa.

Wengi hudhani tokeni huliwa na ule mshtuko wa kuwaka. Mshtuko huo ni wa chini ya sekunde, na mita huuhesabu kidogo tu. Kiliwacho ni zile dakika za mwanzo, ambapo kompresa yatumia stima yote na baridi haijakamilika. Mwenye kuwaka mara sita kwa saa hulipa dakika hizo mara sita. Na wale wawekao digrii 16 ili chumba kipoe haraka wajidanganya. Mashine ya mwendo mmoja hutoa baridi ile ile ukiiomba 16 au 25. Nambari huiambia mahali pa kuachia tu. Tena kuta zikipozwa hivyo, mlango ukifunguliwa na hewa ya uani ikaingia, jasho hutoka ukutani.

Mashine za inveta, ambazo Toshiba ya Japani ilizileta mwanzoni mwa miaka ya 1980, zina hesabu nyingine. Hizo hazikati kwa desturi. Hupunguza mwendo, kama nahodha apunguzaye tanga. Lakini ukinunua inveta kubwa kupita kiasi, hata mwendo wake wa chini kabisa huwa mwingi kwa chumba, nayo hukata kama nyingine.

KUHAMA

Kijana hakukimbilia kuuza kitu. Kwanza aliliondoa kabati la vitabu, kwa sababu lilisimama mbele ya mashine na hewa baridi ikaligonga na kurudi moja kwa moja penye kihisi, ambacho kikadhani chumba kizima kimepoa. Akapunguza mwendo wa feni, akaweka remoti penye alama ya tone la maji, ambayo ni amri ya kukausha. Dakika nne zikawa sita. Kisha akaufungua mlango wa sebuleni, akauacha wazi, ili mzigo uwe mkubwa. Zikawa tisa. Akamwambia maalim ukweli: dawa kamili ni mashine ndogo chumbani, au mashine hii ihame.

Ikahama. Sebule ya maalim ni futi 16 kwa 20, chini ya mabati yenye dari ya mbao, na ndimo wanamoketi wanafunzi wa alasiri. Kijana aliifungia gesi yote ndani ya chombo cha nje kabla ya kufungua bomba, na hapana hata pumzi moja iliyopotea. Chombo cha nje kikawekwa upande wa ua, penye nafasi, mbali na kichochoro. Chumbani pakabaki feni na dirisha, na maalim asema hilo lamtosha, kwani usiku hakuwa akihitaji zaidi. Vitabu navyo vikahamia sebuleni.

Nilikwenda siku moja ya kiangazi chetu, nikahesabu mwenyewe. Saa tano asubuhi kompresa ilifanya kazi dakika kumi na saba na kunyamaza tisa. Saa nane mchana, wanafunzi kumi na wawili wakiwa ndani, iliwaka na haikukata mpaka adhana ya alasiri. Ndoo ya lita kumi iliyowekwa chini ya bomba ilikuwa imepita nusu. Msikitini jirani mashine hazikati kamwe, lakini huko milango hufunguliwa kila mtu aingiapo na atokapo, na hesabu hiyo ni ya siku nyingine.

Mwana alipopiga simu, maalim hakumficha tena. Alimwambia kwamba chombo chake sasa chawapoza watu kumi na wawili kwa thawabu zake, na kwamba chumbani kilikuwa chamwonea. Nasikia mwana alicheka, kisha akauliza habari za juzuu za babu.

Kurasa zatengwa moja moja, kwa ncha ya ufito wa mnazi uliochongwa bapa, saa za asubuhi hewa ya sebule ikiwa imekauka. Juzuu tatu zimefunguka zote, wino wake ungali mweusi. Ya nne ina karatasi kumi na moja zilizoshikana katikati, na mpaka ninapoandika haya bado hazijafunguka.